Mama Aliyejifungua Asiachwe Peke Yake

Mtoto anapozaliwa, watu wote huuliza habari za mtoto. Huuliza kama ni wa kike au wa kiume, ana uzani gani, ataitwa nani, na kama amefanana na babu yake. Ni wachache wanaouliza kama mama yake amelala usingizi. Hotuba hii ni juu ya mama huyo: uchovu wake, moyo wake, na msaada anaostahili kupewa na watu wa nyumbani na jirani zake katika majuma ya kwanza baada ya kujifungua. Tena ni juu ya mtoto mwenyewe, kwa sababu mapenzi kati ya mtoto na mama hutegemea sana hali aliyo nayo mama.

Wazee walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Neno hilo ni la kweli, lakini lisifahamike vibaya. Kuzaa nako ni kazi, na mwanamke aliyeimaliza kazi hiyo huianza ile ya pili siku ile ile. Hapana mkulima amalizaye kuvuna shamba lake alfajiri akaanza kulima jingine kabla ya adhuhuri, wala hapana mtu ambaye angemwita mvivu kwa kukaa kivulini siku hiyo. Lakini mama aliyejifungua jana huweza kusikia neno hilo la uvivu katika nyumba yake mwenyewe.

KAZI INAYOFANYWA NA MWILI

Ni vema kwanza kufahamu mwili wa mama unafanya nini baada ya kujifungua, maana kazi hiyo haionekani kwa macho.

Siku za mwisho za mimba, tumbo la uzazi huwa na uzani upatao kilo moja. Mtoto akisha kutoka, tumbo hilo huanza kunywea kidogo kidogo, na baada ya majuma 6 uzani wake huwa gramu 100 au chini yake. Mahali pale kondo la nyuma lilipokuwa limeshika hubaki kama jeraha, nalo lahitaji muda mpaka lipone. Hata katika uzazi usio na taabu, mama aweza kupoteza damu inayokaribia nusu lita. Aliyezaa kwa kupasuliwa huwa na jeraha la tumbo pia, na jeraha hilo halikukata ngozi tu bali limepita mpaka ndani.

Mwanamke aliyekuwa na upungufu wa damu kabla ya kuzaa hupungukiwa zaidi. Damu ikipungua, mtu husikia kizunguzungu, moyo humdunda akipanda kilima kidogo tu, na viungo vyake huwa vizito. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Ulimwenguni limeshauri kwamba, katika nchi ambako upungufu wa damu umeenea kwa wajawazito, mama apewe vidonge vya madini ya chuma kwa majuma 6 hata 12 baada ya kujifungua. Vidonge hivyo havifai kuwekwa kabatini, vyafaa kumezwa. Pamoja navyo yafaa chakula chenye nguvu: maharagwe, ndengu, mboga za majani, mayai, samaki au nyama kwa wanaoweza kuipata.

Kwa hiyo majuma 6, yaani siku 42, ndiyo muda ambao matabibu hupenda kuuhesabu kuwa muda wa mzazi kurudia hali yake. Watu wa pwani wamehesabu siku 40 tangu zamani za kale, bila mizani wala darubini. Hesabu hizi mbili zimekaribiana sana, na yafaa kuzikumbuka zote mbili.

UCHOVU SI UVIVU

Sasa na ifanywe hesabu nyingine. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hata 12 katika muda wa saa 24, usiku na mchana. Ikiwa hunyonya mara 10, na kila mara huchukua nusu saa, hizo ni saa 5. Kila mara baada ya kunyonya lazima acheuliwe, asafishwe na abadilishwe nguo. Ikiwa kazi hiyo ni ya robo saa tu, zimeongezeka saa 2 na nusu. Jumla ni saa 7 na nusu, ambazo karibu zatosha kuwa siku nzima ya karani wa ofisini. Lakini karani huzifanya saa zake kwa mfululizo, kisha hurudi nyumbani akalala. Saa za mama zimetawanyika kama mtama uliomwagika: nyingine saa mbili za usiku, nyingine saa sita, nyingine saa tisa, nyingine alfajiri.

Watu husema, mbona mtoto hulala sana? Ni kweli kwamba mtoto mchanga huweza kulala saa 14 hata 17 kwa siku. Lakini hulala vipande vipande vya saa 2 au 3, maana tumbo lake ni dogo na maziwa huisha upesi. Mama anayefuata usingizi huo wa vipande haupati ule usingizi mzito unaorudisha nguvu. Na mtoto anapolala mchana, ndipo mama anapoinuka kufua, kupika, kuwaogesha watoto wakubwa na kwenda kuchota maji. Mtungi wa lita 20 una uzani wa kilo 20. Kuujaza mtungi huo na kuupandisha mlimani ni kazi nzito hata kwa kijana mwenye afya. Kwa mama aliyejifungua juma lililopita ni hatari.

Uchovu wa namna hii una matunda yake. Mama husahau kitu alichokiweka mkononi mwake mwenyewe. Hukasirika kwa jambo dogo, kisha hulia kwa kuwa amekasirika. Maziwa nayo huweza kukawia kushuka, kwa sababu maumivu na wasiwasi hukizuia kile kichocheo cha mwilini kiitwacho oksitosini, ambacho kazi yake ni kuyasukuma maziwa yatoke. Basi mtoto hulia, mama naye huona kwamba hana maziwa ya kutosha, na watu waliopo humwambia aanze kumpa mtoto uji au maji ya sukari. Huo ni mwanzo wa kuharisha. Mtoto asipewe kitu kingine ila maziwa ya mama mpaka atimize miezi 6. Aghalabu dawa ya maziwa yanayokawia si uji wa mtoto, bali ni uji wa mama, na usingizi wa mama, na kumweka mtoto matitini mara kwa mara.

Liko jambo jingine la hatari. Mama aliyechoka sana akinyonyesha usiku juu ya kiti au kochi huweza kusinzia bila kujua, na mtoto akabanwa pumzi. Wala si vizuri mtoto kulala kitandani pamoja na mtu aliyelewa. Mama akihisi usingizi unamshinda, na amkabidhi mtoto kwa mtu aliye macho, au amlaze chali mahali pake palipo salama. Lakini ili amkabidhi mtoto kwa mtu, lazima mtu huyo awepo.

MAPENZI YANAVYOKUA

Wengi hudhani kwamba mapenzi ya mama kwa mtoto wake hushuka yote kwa mara moja, dakika ile mtoto anapolia. Kwa wanawake wengine ni hivyo. Kwa wengine mapenzi huja polepole, kwa siku na kwa majuma, kama vile mtu anavyomzoea mgeni mpaka akawa ndugu. Mama ambaye siku ya kwanza anasikia uchovu tu asijihukumu kuwa mama mbaya, wala mtu mwingine asimhukumu.

Mtoto huja duniani akiwa tayari kumjua mama yake. Sauti yake ameisikia tumboni. Baada ya siku chache huijua harufu ya maziwa yake. Macho ya mtoto mchanga huona vizuri mambo yaliyo umbali wa sentimita 20 hata 30, na huo ndio umbali kati ya titi na uso wa mama. Kwa hiyo anaponyonya huutazama uso wa mama, na mama akimtazama naye, wakasemezana kwa macho, hapo ndipo mazungumzo ya kwanza ya binadamu yanapoanza. Ndiyo sababu wakunga na wauguzi siku hizi humweka mtoto juu ya kifua cha mama mara tu anapozaliwa, ngozi kwa ngozi, na kushauri anyonye kabla saa ya kwanza haijapita. Yale maziwa ya kwanza ya manjano, yaitwayo dang'a, yasikamuliwe na kumwagwa kama baadhi ya watu walivyozoea. Ni kinga ya kwanza ya mtoto.

Habari za mapenzi haya zilichunguzwa hapa hapa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1951 Dr. John Bowlby wa Uingereza aliliandikia Shirika la Afya Ulimwenguni taarifa juu ya mtoto kumhitaji mama. Miaka michache baadaye, mwaka 1954 na 1955, Bibi Mary Ainsworth, aliyepata kufanya kazi pamoja na Dr. Bowlby, alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akikaa na akina mama nyumbani mwao na kuwatazama watoto wao. Kitabu chake juu ya watoto wachanga wa Uganda kilitolewa mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake huzifahamu ishara zake, akajua kilio cha njaa na kilio cha usingizi, hutulia. Akianza kutambaa huthubutu kwenda mbali kidogo kutazama mambo, kisha hurudi kwa mama kama askari arudivyo bomani. Tena aliona kwamba watoto wengi walishikamana na watu wengine pia pamoja na mama: baba, bibi, au ndugu mkubwa.

Mambo hayo mawili yana mafunzo makubwa. La kwanza, kuzifahamu ishara za mtoto kunahitaji utulivu, na mtu aliyekosa usingizi kwa majuma matatu hana utulivu. La pili, mtoto kupakatwa na nyanya yake au baba yake hakumwibii mama mapenzi. Mtoto ana nafasi moyoni ya watu zaidi ya mmoja, na mama apatapo kupumzika humrudia mtoto wake akiwa na uso wa furaha.

HUZUNI NDOGO NA UGONJWA WENYEWE

Siku ya tatu hata ya tano baada ya kujifungua, wanawake wengi hulia bila kujua sababu. Jambo hili hutokana na mageuzi ya ghafula ya mwili baada ya kondo la nyuma kutoka, pamoja na uchovu. Huzuni hii si ugonjwa. Haihitaji dawa ila usingizi, chakula na maneno mema, nayo huisha yenyewe kabla ya majuma mawili.

Lakini iko huzuni nyingine isiyokwisha. Mama huamka nayo na kulala nayo. Chakula hakimpendezi, usingizi humkimbia hata mtoto akiwa amelala, hajali kuoga wala kusuka nywele, hujiona hana thamani, humtazama mtoto kama mzigo wa mtu mwingine. Huo ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa. Shirika la Afya Ulimwenguni limetaja kwamba, katika dunia nzima, wanawake kama 13 katika kila 100 waliojifungua hupatwa na ugonjwa wa akili au moyo, zaidi sana huzuni hii, na katika nchi zisizo tajiri hufika karibu 20 katika kila 100. Kwa hiyo katika kila wanawake watano wanaokaa kwenye benchi la kliniki na watoto wao mapajani, yawezekana mmoja anaumwa na hakusema.

Iko pia hali ya tatu, ambayo ni haba, kama mmoja au wawili katika kila wanawake 1,000 waliojifungua. Mama hupotewa na akili kwa ghafula, husikia sauti zisizokuwapo, huweweseka, na huweza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Huyo yapasa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake na mtoto hata kidogo.

Haifai kusema kwamba mambo haya yaliletwa na Wazungu. Waganda walikuwa na jina lake tangu zamani, amakiro, na wengi waliamini kwamba mama amepatwa na hali hiyo kwa sababu ya uzinzi wakati wa mimba. Kwa imani hiyo mwanamke mgonjwa aliongezewa aibu juu ya ugonjwa wake. Dr. John Cox, tabibu Mwingereza aliyefanya kazi Uganda katika miaka ya 1970, aliandika juu ya amakiro mwaka 1979. Alipokuwa Edinburgh katika Uskochi, yeye na wenzake wawili, Bibi Jenifer Holden na Bibi Ruth Sagovsky, walitunga maswali 10 mepesi ya kumwuliza mama, nayo yalichapishwa mwaka 1987. Maswali hayo yamefasiriwa katika lugha nyingi za dunia. Muuguzi huyauliza kwa dakika chache tu, na mama aliyenyamaza miezi mitatu huweza kufungua kinywa chake kwa swali moja. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

DESTURI ZA WAZEE

Watu wa kale walimjua mama huyu. Pwani, mzazi hukaa ndani siku 40. Huwapo mkunga au mama mtu mzima wa kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji wenye pilipili manga na mchuzi wa kuku, na kumwogesha mtoto. Wasomali nao huzihesabu siku 40 za mama kukaa nyumbani. Katika nchi ya Wakikuyu, wanawake wa kijiji walikusanyika wakaleta kuni, maji na uji, na njahi zilipikwa kwa ajili ya mzazi. Hata huko mbali China, mama hutunzwa mwezi mzima bila kutoka nje.

Katika desturi hizi yamo mambo ambayo elimu ya leo imeyakataa. Maji ya kukandia yasiwe ya kuunguza, wala yasimwagwe juu ya jeraha la kupasuliwa. Moshi katika chumba kilichofungwa humdhuru mtoto mapafu. Mama asinyimwe matunda na mboga kwa hofu ya miiko. Kitovu cha mtoto kisipakwe majivu wala samadi. Kukaa ndani siku 40 kusiwe sababu ya kutompeleka mama au mtoto hospitali anapougua.

Lakini ukiondoa hayo, kiini cha desturi kilikuwa kimoja kila mahali: kwa muda fulani, kazi ya mama ifanywe na watu wengine, na mama amfanyie kazi mtoto peke yake. Mzee aliyekuja na kuni hakuitwa daktari, lakini alileta dawa.

MAMBO YALIVYOGEUKA

Siku hizi watu wamehama. Kijana ametoka Kakamega au Kitui, ameoa, naye anaishi na mkewe katika chumba kimoja cha kupanga Nairobi au Mombasa. Mama mzazi yuko mbali na nauli ni ghali. Hospitali zimeongezeka, ile ya Pumwani, iliyoanza mwaka 1926 kwa jina la Lady Grigg, imekwisha pokea vizazi vya wenyeji wa Nairobi. Hapana shaka kwamba kujifungulia hospitali kumeokoa maisha ya wengi. Lakini hospitali humkaa mama siku moja au mbili tu, halafu humpa ruhusa. Arobaini zote zilizobaki ziko mikononi mwa nyumba yake, na nyumba yenyewe imekuwa na watu wawili, mmoja wao akitoka kwenda kazini alfajiri na kurudi usiku.

Sheria imejaribu kusaidia. Kwa Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, mwanamke aliyeajiriwa Kenya hupata likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba hupata majuma 2. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imewataka waajiri waweke mahali pa kunyonyeshea kazini, na kumpa mama muda wa kunyonyesha. Haya ni mambo mema. Lakini sheria hiyo haimfikii mwanamke anayeuza mboga sokoni, wala anayefua nguo za watu kwa kibarua cha kutwa, wala mkulima ambaye mvua haimngojei. Mwanamke huyo hurudi kazini siku ya kumi na mtoto mgongoni, kwa sababu asipofanya kazi hakuna chakula. Yeye ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote, naye ndiye asiye na mtu.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ikiwa jamaa wako mbali, lazima ipatikane fimbo iliyo karibu, nayo ni jirani.

MSAADA UMEPIMWA UKAONEKANA

Huenda wako wanaodhani kwamba maneno haya ya kusaidiana ni ya kupendeza masikio tu. Sivyo. Yamepimwa.

Katika mtaa wa Khayelitsha, karibu na Cape Town katika Afrika ya Kusini, uchunguzi uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha kwamba karibu akina mama 35 katika kila 100 walikuwa na huzuni ile ya ugonjwa miezi miwili baada ya kujifungua. Baadaye wanawake wa mtaa ule ule, wasiokuwa wauguzi wala wasomi wakubwa, walifundishwa kuwatembelea wajawazito na wazazi majumbani. Wajawazito 449 waliandikwa. Nusu walitembelewa na nusu wakapata huduma za kawaida tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Watoto walipofika miezi 18, watoto 74 katika kila 100 wa akina mama waliotembelewa walikuwa wameshikamana na mama zao kwa utulivu na imani. Katika wale wengine walikuwa 63. Tofauti hiyo haikuletwa na mashine wala dawa ya ghali. Ililetwa na mwanamke aliyebisha hodi, akaketi, akasikiliza, na kumwonyesha mama ishara za mtoto wake.

Huko Pakistani, katika vijiji, wahudumu wa afya wanawake walifundishwa kuzungumza na akina mama wenye huzuni, wakiwatembelea kabla na baada ya kuzaa. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi 6, waliokuwa bado wagonjwa walikuwa 23 katika kila 100, hali kati ya wale ambao hawakupata mazungumzo hayo walikuwa 53. Kenya nayo, mwaka 2023, ilituma vijijini na mitaani wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000. Mhudumu huyo akipita nyumbani, asiulizwe habari za chanjo tu. Na aambiwe pia, "Huyu mama halali."

KAZI YA KILA MTU

Baba. Baba hawezi kunyonyesha, lakini yako mengi anayoyaweza. Aweza kuchota maji kabla ya kwenda kazini. Aweza kumcheua mtoto usiku na kumbadilisha nguo, mama alale nusu saa zaidi. Aweza kumpakata mtoto kifuani akatembea naye uani. Aweza kuwazuia wageni wasikae mpaka usiku. Wanaume wengine huona aibu kuonekana na ndoo ya maji au nguo za mtoto kambani. Aibu hiyo haina maana. Mwanamume aliyemtunza mkewe siku hizi 40 hukumbukwa na mkewe miaka 40.

Mama mkwe na mama mzazi. Wao ndio wenye hazina ya ujuzi. Neno lao moja laweza kumjenga mzazi au kumvunja. Akisema, "Sisi tulizaa shambani tukarudi na kuni kichwani," mzazi atanyamaza na kulia kwa siri. Akisema, "Mwanangu, nipe mtoto, wewe ulale," amefanya kazi ya tabibu.

Wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayekuja kumwona mtoto asingoje kuandaliwa chai. Na aje na chakula kilichopikwa, au sabuni, au mikono iliyo tayari kuosha vyombo. Anawe mikono kabla ya kumshika mtoto, na akiwa na mafua asije. Akae muda mfupi.

Jirani na vyama. Vyama vya akina mama vimekuwako nchini tangu zamani; Maendeleo ya Wanawake ilianza mwaka 1952. Vikundi vya kanisa, vya msikiti na vya kuchangiana fedha viko kila mtaa. Kikundi cha wanawake kumi chaweza kugawana siku 40 za mwenzao, kila mmoja akatoa siku 4 tu: siku moja kupika, moja kufua, moja kuchota maji, na moja kukaa na mtoto mama alale. Anayefanya biashara sokoni na ashikiwe kibanda chake. Hakuna atakayechoka, na zamu ya kila mmoja itafika.

Mama mwenyewe. Yampasa kukubali msaada na kuuomba. Mtoto akilala, naye alale, vyombo vingoje. Asione kwamba kusema "nimechoka" ni kushindwa.

DALILI ZISIZONGOJA KESHO

Yako mambo ambayo usingizi na uji haviyaponyi. Mama apelekwe hospitali mara moja akitokwa na damu nyingi, au akiwa na homa, maumivu makali ya tumbo, majimaji yenye harufu mbaya, kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona giza, degedege, kushindwa kupumua, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Mtoto apelekwe akikataa kunyonya, akiwa na joto jingi au baridi, akipumua kwa taabu, akiwa wa manjano machoni na mwilini, au akitokwa na usaha kitovuni. Mama apelekwe pia akiwa na huzuni iliyozidi majuma mawili, na bila kuchelewa hata saa moja ikiwa anasema maneno ya kutaka kufa au kumdhuru mtoto.

Hata asipokuwa na dalili yoyote, Shirika la Afya Ulimwenguni limeshauri kwamba mama na mtoto watazamwe katika saa 24 za kwanza, kisha siku ya pili au ya tatu, tena katika juma la pili, na tena juma la sita. Siku hizo na ziandikwe ukutani, baba azijue.

Mabibi na mabwana, katika kila mtaa na kila kijiji usiku wa leo iko taa inayowaka saa tisa za usiku, na chini yake yuko mwanamke aliye macho na mtoto mikononi. Jirani zake wanaijua nyumba hiyo. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, mmoja wao na abishe hodi, achukue mtungi ulio mlangoni, aende akaujaze. Mkono mmoja haulei mwana.